Sauti ipo, picha hakuna

Swali: Nimejaziwa filamu kwenye flashi hapa Tandika. Kwenye runinga sauti inatoka, picha giza tupu. Flashi ni mbovu? – Msomaji, Temeke

Jibu: Flashi yako nzima, ndugu yangu. Filamu hubanwa ili ienee, na kifaa kinachoifungua lazima kijue ilivyobanwa. Hiyo ndiyo kazi ya kodeki. Unakumbuka matangazo ya analojia yalipozimwa Dar, Desemba 31, 2012, tukakimbilia ving'amuzi? Mambo ni yale yale: runinga haioneshi isichojua kukifungua. Huenda filamu imebanwa kwa kodeki ya H.265, ya mwaka 2013, na runinga inajua H.264 tu, ya 2003. Kwenye kompyuta weka programu ya VLC, ya bure, kutoka videolan.org, kodeki zimo humo humo. Tovuti ikikulazimisha upakue “kodeki” kwanza, kimbia: mara nyingi ni virusi. Kwa runinga, mrudie aliyekujazia, akubadilishie iwe H.264.