Mume na Mke Wakati wa Mimba

Ndugu zetu Waislamu, tumeulizwa mara nyingi katika darasa zetu: je, yafaa mume kumwingilia mkewe hali ana mimba? Twajibu waziwazi, kwani hapana haya katika kujifunza dini.

Wako wasemao kwamba jambo hilo humdhuru mtoto tumboni, basi mume humhama mkewe miezi yote. Na wako wasemao kuwa mtoto hajengeki ila kwa maji ya baba, basi humkalifisha mke japo ni mgonjwa. Kauli zote mbili hazina dalili. Katika Suratul-Baqara, aya ya 222, Mwenyezi Mungu amekataza kuwaingilia wake katika hedhi, mimba hakuitaja. Na katika Sahihi ya Muslim, Bibi Judama binti Wahb amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikaribia kukataza ghila, nayo kwa tafsiri ya Imamu Malik ni kumwingilia mke anyonyeshaye. Kisha akakumbuka kuwa Warumi na Wafursi hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, asikataze. Basi itikadi ya kubemenda mtoto imeanguka hapo. Ikiwa Mtume hakuharimisha kwa khofu tu, sisi tutaharimishaje kwa maneno ya mitaani? Na matabibu nao wasema kuwa mimba iliyo salama haidhuriki kwa hilo.

Lakini halali si ruhusa ya kudhuru. Mke akitokwa na damu, au chupa ikivunjika, au daktari akasema kondo limeziba njia ya uzazi, au ikichelewa kuzaa kabla ya wakati, ni wajibu mume ajizuie. Naye aliyechoka au mwenye kichefuchefu ahurumiwe. Suratu Luqman, aya ya 14, yatukumbusha kuwa mama hubeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu. Akisha kuzaa, angoje nifasi ikatike akoge: katika madhehebu ya Shafi, aghlabu ni siku 40, na ukomo wake 60. Akitahirika kabla ya hapo, ni halali.

Wala mume aliyezuiliwa asifanye hiyo kuwa hoja ya kwenda kwenye haramu. Kumkumbatia mkewe, kulala naye kitanda kimoja na kuzungumza naye kwa upole hakukukatazwa. Huko ndiko kukaa kwa wema tulikoamrishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 19, na mke hukuhitaji zaidi siku hizo kuliko siku nyingine zote.

Wallahu aalam.