Kabla Hujalipia Sensa Mpya ya Mgandamizo wa Hewa

Mlaji anayepeleka gari gereji kwa sababu linakula mafuta kupita kawaida, linatoa moshi mweusi au linazimika kila linaposimama kwenye foleni, huweza kuambiwa baada ya dakika chache kwamba sensa ya mgandamizo wa hewa, ile ambayo mafundi huiita sensa ya MAP, imekufa na sharti inunuliwe nyingine. Huenda ni kweli. Hata hivyo, dalili kama hizo huweza kuletwa na mpira wa hewa uliopasuka au waya uliokatika, na bei ya kipande cha mpira haikaribii hata kidogo bei ya sensa. Kwa sababu hiyo tunamshauri mlaji adai kipimo kwanza, ndipo atoe fedha.

Sensa hii hupima mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi, yaani bomba lenye matawi linalogawa hewa kwa silinda. Injini inaponguruma bila kukanyagiwa mafuta, mgandamizo humo huwa mdogo, aghalabu kati ya kilopaskali 30 na 45; dereva akikanyaga hadi mwisho, hukaribia ule wa hewa ya nje. Kompyuta ya injini huitegemea taarifa hiyo kukadiria petroli ya kunyunyizia. Sensa ikidanganya kwamba mgandamizo ni mkubwa, petroli huzidi, na moshi mweusi hufuata. (Si kila gari lina sensa hii, mengine hupima wingi wa hewa inayoingia. Ulizeni mapema.)

Namba ya hitilafu inayosomwa na mashine si hukumu. P0107 husema kwamba ishara ya umeme iko chini mno, P0108 kwamba iko juu mno, na P0106 kwamba hailingani na hali ya injini. Hakuna hata moja inayosema kwamba sensa yenyewe ndiyo mbovu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kufungua kitu. Swichi iwashwe bila kuwasha injini, kisha mashine isome. Kwa kuwa injini haivuti hewa, sensa inapaswa kuonyesha mgandamizo wa mahali gari lilipo: Dar es Salaam au Tanga, takriban kilopaskali 101, Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, takriban 83. Jambo hili tunalisisitiza, kwani 83 ikisomwa Tanga ni dalili ya ubovu, lakini mlaji wa Mbeya anayeuziwa sensa kwa sababu ya 83 anauziwa kitu asichokihitaji.

Kisha injini iwashwe. Namba isiposhuka, fundi akague mpira unaounganisha sensa na manifoldi: pengine umechomoka au umeziba. Katika magari ambayo sensa imefungwa moja kwa moja kwenye manifoldi, tundu lake huweza kujaa masizi, nayo husafishika. Fundi mwenye pampu ndogo ya mkono ya kuvuta hewa anaweza kuijaribu sensa peke yake; namba ikishuka taratibu kadiri anavyovuta, sensa ni nzima na tatizo litafutwe kwingine.

Zibaki nyaya. Kwa kawaida mmoja huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mwingine ni wa ethi, na wa tatu hurudisha ishara. Volti 5 zisipofika kwenye soketi, sensa mpya haitasaidia lolote.

Ikithibitika kwamba sensa ni mbovu, mlaji aombe kurudishiwa ile ya zamani, apewe risiti ya EFD inayotaja kifaa kilichofungwa, na aandikiwe namba zilizosomwa kabla na baada ya matengenezo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na karatasi yenye namba hizo ina uzito kuliko maneno pindi malalamiko yanapowasilishwa.