Uwanja Usiokunywa Sana, Usioshika Moto
Kijitabu kwa wenye nyumba na viwanja Dodoma

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei, nyasi zilizostawi kifukuni hukauka zikiwa zimesimama. Ikifika Agosti upepo unavuma kutwa, maji ya kumwagilia ni ya kubahatisha, na kiwanja cha jirani kisichojengwa kimejaa majani makavu hadi kiunoni.

Tunaomba jambo moja kwa kila mwenye nyumba: kabla ya kupanda au kutandaza chochote, pima umbali wake na ukuta. Vitu vingi vinavyotunza maji ndivyo vinavyolisha moto. Nyasi kavu zilizotandazwa shinani mwa mwembe huzuia jua lisikaushe udongo. Nyasi hizohizo zikikaa chini ya dirisha ni hatari kwa wote waliolala ndani. Hatuwaambii muache kutandaza. Tunawaambia mjue mahali pa kutandaza.

Karibu na ukuta

Mita moja na nusu kuzunguka nyumba isiwe na kitu kinachoungua. Moto wa nyasi mara nyingi hutanguliwa na cheche zinazopeperushwa na upepo, zikatua kwenye pembe za ukuta, kwenye gata lililojaa majani, au zikapenya kati ya ukuta na bati. Nyumba ya tembe ya Wagogo ilikuwa na kinga yake: cheche ikitua kwenye paa la udongo haikuti cha kuunguza. Sisi wa mabati tuna mwanya wa kuziba, kwa saruji au kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo.

Kufagia uwanja ni desturi njema na inakinga moto kweli. Ila udongo mtupu huchukuliwa na mvua za kwanza hadi msingi ukabaki nje, kwa hiyo tandaza kokoto au vipande vya matofali. Kuni, magunia ya mkaa na mbao zilizobaki kwenye ujenzi zihamishiwe mbali, mita 10 ikiwezekana. Ua wa makuti au mabua usigusane na nyumba.

Maji ya bati

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Bati la mita za mraba 80, katika msimu wa milimita 500, linapokea lita 40,000. Hata moja ya tano ikipotea, zinabaki 32,000. Familia nyingi huyaacha maji hayo yakimbilie barabarani, kisha Septemba zinanunua maji kwa dumu. Hili linatuuma kuliko yote tunayoyaona mitaani.

Tangi la kuhifadhi maji hayo yote ni ghali, nasi hatumlaumu asiye nalo. Weka unaloweza, na yatakayofurika yaelekeze kwenye mtaro uliochimbwa kukingama na mteremko, mbali na msingi. Udongo uliochimbuliwa ulundike upande wa chini uwe tuta, na miti ipandwe hapo. Maji yatazama polepole na mizizi itayafuata chini, ambako jua haliyafikii. Maji ya kufulia na kuoshea vyombo nayo yapelekwe kwenye miti kwa zamu, usimwagie shina lilelile kila siku, kwani chumvi za sabuni huchosha udongo. Usimwagie mboga za majani maji haya.

Kuanzia mita moja na nusu hadi mita 10

Hapa ndipo pa bustani. Tuta la mchicha linalomwagiliwa halishiki moto kirahisi, wala mshubiri, wenye majani yaliyojaa maji. Miti iwe michache na iachane, matawi yasifike juu ya paa, na yale ya chini yakatwe hadi mita 2 kutoka ardhini mti ukishakua, ili moto wa nyasi usipate pa kupandia. Mkwaju na mlonge hustahimili ukame wetu. Mkaratusi usiupande karibu na nyumba: hunywa maji mengi, majani yake yana mafuta, na magamba yake yanayobanduka huwaka upesi.

Kwa miche michanga tunashauri njia ya chungu. Zika chungu cha udongo kisichopakwa rangi hadi shingoni kando ya mche, kijaze maji, kifunike. Maji yatavuja kidogo kidogo kuelekea mizizi, wala hayapotei juani.

Mbali zaidi

Usikimbilie kununua miche. Tafuta visiki ambavyo bado vinachipua, chagua machipukizi machache yenye nguvu, punguza mengine. Njia hii, Kisiki Hai, imeenezwa sana Dodoma na shirika la LEAD Foundation. Mizizi iko chini tayari, mti hauhitaji ndoo yako. Matandazo ya nyasi na samadi yawekwe huku, ndani ya mashimo ya miti.

Nyasi zifyekwe Mei, zingali na unyevu, ziliwe na mifugo. Mpakani acha njia ya kuzuia moto ya mita 3 hadi 5, ifyekwe fupi bila kung'oa mizizi, udongo usije ukahama. Kama nyumba iko juu ya mteremko, upande wa chini uongezewe upana, kwa kuwa moto hupanda mlima kwa kasi.

Taka za bustani zisichomwe kiangazi, hata jioni. Chimba shimo, zioze, ziwe mboji. Kiwanja cha jirani kikiwa pori, zungumza naye Aprili. Asipopatikana, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla nyasi hazijakauka.

Moto ukianza, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na utaje mtaa na alama inayojulikana. Funga madirisha, funga mtungi wa gesi, fungua geti ili gari lipite. Watoto na wazee waondoke kwanza, kuelekea upande ambao upepo unatokea, ikiwa njia ya huko haijazibwa na moto.