Meza Tupu, Fundi wa Nje

SWALI: Mimi ni fundi wa kompyuta wa kujitegemea, mkaazi wa Kisiwa Panza. Nina mkataba na afisi moja ya Chake Chake. Kila jioni wanataka meza iwe tupu, na sikupewa hata mtoto wa meza. Nivuke na makaratasi yao hadi nyumbani? Mbona mimi si mwajiriwa wao!

JIBU: Hilo la kutokuwa mwajiriwa halikuokoi, ndugu yangu. Kanuni hii haihusu usafi, inahusu siri. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, ISO 27001, toleo la 2022, kinaitaja katika kipengele 7.7: meza isiyo na nyaraka, skrini iliyofungwa. Na mgeni wa afisi ndiye hutiliwa shaka kwanza kitu kikipotea, iwe haki isiwe haki.

Lakini makaratasi ya mteja usiyapandishe mashua ya Chokocho hata siku moja. Yakilowa au yakisahaulika, lawama yote ni yako. Mwandikie aliyetia saini mkataba wako, si mlinzi wala karani, umuombe kabati lenye ufunguo, na jibu lake ulihifadhi. Akikataa, mkabidhi nyaraka kila jioni, naye asaini daftari.

Kompyuta yako ni mali yako, ondoka nayo. Nywila usiibandike chini ya kibodi. Kila mtu anajua pa kuitafuta. Na kama unalipwa kwa saa, dakika za kufungasha zihesabu.