VIFARANGA WATOKE LINI NDANI YA NYUMBA?



Tunapopita nyumba kwa nyumba hapa Nakivale, sisi wahudumu wa afya tunakuta familia nyingi zinalea vifaranga katika chumba kile kile wanacholala watoto. Sababu tunaielewa. Nje kuna mwewe, paka na baridi, na kifaranga ni pesa ya sabuni na daftari. Lakini ukiwatoa mapema watakufa, na ukichelewa sana kuwatoa, watoto wako wanaweza kuugua.

Kinyesi cha kifaranga anayeonekana mzima kabisa kinaweza kuwa na vijidudu kama salmonela na kampilobakta, ambavyo huleta kuhara. Mtoto anayetambaa hushika chini, kisha hutia mkono mdomoni. Kwa hiyo hata katika majuma ya kwanza, weka boksi la vifaranga mbali na mahali mtoto anapolala na kucheza, na mbali na vyombo na maji ya kunywa. Kibanda cha jikoni kinafaa zaidi kuliko chumba cha kulala, ila chakula na vyombo vifunikwe. Kila aliyewashika anawe mikono kwa sabuni, na watoto wasiwabusu.

Jambo jingine ni makaa. Wapo wanaoweka jiko la makaa karibu na boksi usiku, kisha wanafunga mlango na dirisha. Usifanye hivyo hata siku moja! Makaa yaliyoiva, hata kama hayatoi moshi, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, na aliye usingizini anaweza asiamke tena. Vifaranga nao hufa kwa hewa hiyo hiyo. Badala yake jaza maji ya moto katika kijerikeni, kifunge vizuri, kizungushie kitambaa na ukiweke ndani ya boksi. Maji yakipoa, badilisha. Kama mama yao yupo, mwachie kazi hiyo, anaijua kuliko sisi.

Sasa, lini watoke? Kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na kila juma unapunguza kama nyuzi 3. Wengi wetu hatuna kipimajoto, lakini vifaranga wenyewe watakuambia. Wakirundikana na kulia, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika, wengine wanakula na wengine wamelala, hapo ni sawa.

Mara nyingi wanakuwa tayari wakiwa na majuma 4 hadi 6, lakini usihesabu siku tu. Mshike kifaranga, umtazame mgongoni, kifuani na chini ya mabawa. Kama bado ana yale manyoya laini ya kuzaliwa, asilale nje. Katika kiangazi cha mwezi wa sita na wa saba, usiku wetu huwa na baridi, basi waongezee juma moja.

Usiwahamishe kwa siku moja. Anza saa nne asubuhi umande ukiwa umekauka, uwafunike kwa tenga mahali pakavu penye maji na kivuli, kwa saa moja tu. Kila siku ongeza muda. Ndani nako punguza joto la usiku kidogo kidogo. Mvua ikinyesha warudishe, kwa maana kifaranga aliyeloa hapati tena joto lake kwa urahisi. Baada ya kama juma moja walale bandani.

Banda liwe limeinuliwa, lisiwe na tundu la kupitisha panya, na hewa ipite juu, si usawa wa vifaranga. Usiwachanganye na kuku wakubwa, watadonolewa na kuambukizwa magonjwa. Matandiko yakilowa, yatoe siku hiyo hiyo, kwa sababu ugonjwa wa kuhara damu hupenda unyevu. Ukiona damu kwenye kinyesi, mwone mganga wa mifugo. Zile kapsuli ulizopewa kwenye zahanati ni zako, si za kuku. Zitumiwe zote na mgonjwa kama alivyoelekezwa.

Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Chupa moja inatosha kuku wengi, hivyo changeni pesa majirani na mchanje siku moja.

Kuku akifa mwenyewe, usimle wala usimpe mbwa. Mshike kwa mfuko wa plastiki, mzike kwenye shimo refu mbali na maji, kisha nawa. Wakifa wengi kwa mara moja, usikimbilie kuuza waliobaki sokoni. Mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wako siku hiyo hiyo.