Somo la 9: Deni na Chakula cha Nyumba

Ndugu mwanakisomo, chukua daftari na kalamu. Somo hili lina hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kama una mume au mke, lisomeni pamoja. Kama mwenzako hajui kusoma, msomee kwa sauti.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Ndani yake wamo mume, mke na watoto 4. Ni wakulima wa mahindi. Mwaka huu wamevuna magunia 12. Mume anadaiwa shilingi 264,000 na mwenye duka la pembejeo, kwa sababu alikopa mbolea. Mke anadaiwa shilingi 120,000 na kikoba. Jumla ya madeni ni shilingi 384,000. Bei na fedha za somo hili ni za mfano tu. Wewe utaweka bei za soko la kwenu.

Mume hakujua kwamba mke wake ana deni. Alijua siku viongozi wa kikoba walipofika nyumbani kudai. Aliona aibu, akakasirika. Akauliza, "Mama watoto, fedha zote hizo ulizifanyia nini?"

Mke akajibu, "Tulikula."

Mume hakuelewa jibu hilo. Tutalirudia baadaye, kwa sababu ni jibu la kweli.

Ilikuwa mwezi wa Julai. Gunia la mahindi liliuzwa shilingi 48,000. Ili kuondoa aibu, waliuza magunia 8.

8 × 48,000 = 384,000

Madeni yote yakalipwa siku hiyo hiyo. Nyumbani yakabaki magunia 4. Kulipa deni ni jambo jema. Lakini watu hawa walilipa kabla ya kupima chakula chao.

Chakula cha mwaka hupimwaje? Siku unapofungua debe la mahindi, weka alama kwenye kalenda. Kama huna kalenda, chora ukutani kwa mkaa. Debe likiisha, weka alama nyingine, kisha hesabu siku. Usikisie. Katika nyumba ya mfano wetu, debe moja lilikwisha kwa siku 9. Mwaka una siku 365.

365 ÷ 9 = 40, zinabaki siku 5

Hizo siku 5 nazo watu watakula. Kwa hiyo wanahitaji madebe 41. Kwa kipimo cha kijiji chao gunia moja ni madebe 6. Ukigawanya 41 kwa 6 utapata 6, na yatabaki madebe 5. Basi nyumba hiyo inahitaji magunia 7 kwa mwaka. Ziada ni debe 1 tu, la wageni.

Wao walibakiza magunia 4, yaani madebe 24.

24 × 9 = 216

Chakula cha siku 216, kuanzia tarehe 1 Julai, kinakwisha mwanzoni mwa Februari. Mkulima anaujua mwezi huo. Mahindi ya shambani hayajakomaa, palizi inataka nguvu, na bei sokoni imepanda. Gunia limefika shilingi 90,000, yaani debe moja shilingi 15,000. Zinabaki siku 149 kabla ya Julai. Siku hizo zinataka madebe 17.

17 × 15,000 = 255,000

Madebe 17 kama hayo waliyauza mwezi wa Julai kwa shilingi 8,000 kila moja. Walipata shilingi 136,000. Sasa wanayanunua kwa shilingi 255,000. Tofauti ni shilingi 119,000. Na hiyo 255,000 hawana. Watakwenda kukopa tena.

Wengine wakifika hapo huuza mazao yakiwa bado shambani. Huko Kagera, biashara ya namna hiyo katika kahawa huitwa butura. Mwenye fedha humpa mkulima kiasi kidogo wakati kahawa bado ni maua. Ikiiva, mavuno si ya mkulima tena. Serikali imeipiga marufuku butura, lakini njaa haisubiri sheria.

Sasa tuone wangefanya nini. Wangeweka kwanza magunia 7 ya kula. Wangeuza 5 na kupata shilingi 240,000. Fedha hizo hazitoshi madeni yote mawili. Je, walipe lipi kwanza? Deni la kikoba linazaa. Riba yake ni shilingi 10 kwa kila shilingi 100, kila mwezi. Kwa shilingi 120,000, riba ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Deni la mbolea halizai, maana mwenye duka ameshaweka faida yake ndani ya bei. Kwa hiyo wamalize la kikoba lote. Shilingi 120,000 zinazobaki wampelekee mwenye duka. Atakuwa bado anawadai shilingi 144,000.

Waende kwake wote wawili, kabla ya siku ya ahadi. Huenda atanuna. Lakini mdai hukasirishwa zaidi na mdaiwa anayejificha. Wamwambie, "Tutaleta shilingi 24,000 kila mwezi kwa miezi 6." Mapatano hayo yaandikwe, na kila malipo yapewe stakabadhi. Ndugu, zamani ulitia dole gumba kwenye karatasi usiyoijua. Sasa isome yote kwanza, ndipo utie sahihi.

Shilingi 24,000 za kila mwezi zitatoka wapi? Hapa turudi kwenye jibu la mke.

Katika nyumba hiyo, mume hutoa mahindi na hununua sabuni na kulipa mashine ya kusaga. Huona kwamba yeye ndiye anayelisha nyumba. Mke hununua "vitu vidogo". Tuviandike kwa siku moja: dagaa, maharage au mboga shilingi 1,000, mafuta ya kupikia 500, nyanya, kitunguu na chumvi 400, sukari na majani ya chai 600. Jumla ni shilingi 2,500. Ni fedha ndogo, lakini ni ya kila siku.

2,500 × 30 = 75,000

Mke hupata shilingi 60,000 kwa mwezi kwa kuuza maandazi. Kila mwezi alipungukiwa shilingi 15,000, akakopa kikoba. Zidisha 15,000 kwa miezi 8. Utapata shilingi 120,000, deni lile lile, bila kuhesabu riba. Mume kwa vibarua vya ujenzi hupata shilingi 90,000. Sabuni na kusaga humchukua shilingi 21,000 tu. Hakuwa mlevi wala mkorofi. Hakuwahi kuhesabu vitu vidogo, na mke hakuwahi kumwambia.

Sasa wafanye hesabu moja. Vitu vya jikoni 75,000, sabuni na kusaga 21,000, deni 24,000. Jumla ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja atatoa 60,000. Mke atabaki mikono mitupu, na mume atabaki na 30,000. Mgawo huo unaonekana sawa lakini si wa haki. Afadhali kila mmoja atoe kwa kadiri ya anachopata. Katika kila shilingi 10, atoe 8. Mume atatoa 72,000 na mke 48,000. Mume atabakiwa na 18,000, mke na 12,000, kwa ajili ya matibabu, daftari za watoto na akiba.

Fedha za nyumba zikae mahali pamoja. Zikikaa kwenye simu ya mmoja, mwenzake aonyeshwe salio. Na katika kubana matumizi, msianze na maharage na dagaa. Hivyo ndivyo vinavyojenga mwili wa mtoto. Anzeni na sukari. Mboga za majani zinaweza kutoka katika bustani ya nyuma ya nyumba, ikimwagiwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume ampe mke wake makazi, nguo na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Sheria hiyo hiyo inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Akija mtu na mkopo wa haraka, ule watu wanaouita "kausha damu", muulizeni leseni. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni ya Benki Kuu.

Yule mwenye duka, akilipwa kuanzia Julai, atamaliza kulipwa Desemba. Kuanzia Januari zile shilingi 24,000 za kila mwezi ziendelee kuwekwa, ziwe za mbolea ya msimu ujao.

Kazi ya nyumbani

1. Debe moja la mahindi, au kipimo chenu kingine cha chakula, linakaa siku ngapi nyumbani kwako? Anza kuhesabu leo.

2. Andika kila kitu cha jikoni kilichonunuliwa kwa siku 7, hata kiberiti. Jumlisha. Andika pia nani alitoa fedha.

3. Mume anapata shilingi 50,000 kwa mwezi na mke shilingi 30,000. Chakula na deni vinahitaji shilingi 64,000. Kila mmoja atoe ngapi? Leteni majibu darasani, tuyasahihishe pamoja.