Kisu cha kuchunia kutokana na tupa kuukuu

Ngozi nyingi haziharibikii sokoni. Huharibikia pale pale mnyama anapochunwa. Ncha ya kisu ikitoboa, au makali yakichanja upande wa nyama, mnunuzi huishusha ngozi daraja, na tundu hilo halizibiki. Mara nyingi kosa ni la kisu: kina ncha kali mno, au chuma chake ni laini na hupoteza makali kabla hujamaliza mguu wa kwanza, ukaanza kukandamiza kwa nguvu. Kisu kizuri unaweza kukitengeneza mwenyewe, au kwa msaada wa mhunzi, kwa tupa iliyochakaa.

Tupa nzuri ni chuma cha pua, ndiyo maana hushika makali. Lakini baadhi ya tupa za bei rahisi ni ngumu kwa juu tu. Jaribu kwanza. Pasha ncha yake hadi iwe nyekundu, itumbukize majini, kisha izungushie kitambaa na uigonge kwa nyundo. Ikikatika kama chupa, na mkato ukaonyesha chembe ndogo za kijivu, ni pua. Ikipinda, iache.

Usiinoe tupa ilivyo. Ni ngumu mno, na kisu chake kikiangukia jiwe huvunjika. Ilaze katika moto wa mkaa hadi iwe nyekundu kote na sumaku isiinase tena, kisha ifukie ndani ya majivu makavu ya moto hadi asubuhi. Itakuwa imelainika, na tupa nyingine itaikata.

Sasa chonga umbo. Ubapa wa sentimita 12 hivi unatosha. Tumbo la makali lipinde kwenda juu, na ncha iwe butu, ya mviringo. Ondoa meno yote ya tupa pamoja na mifereji yake, kwa kuwa ufa huanzia hapo. Wengi huikwepa kazi hii kwa sababu inachosha mkono, na ndio hao ambao visu vyao hupasuka. Makali yabaki na unene wa milimita 1 hivi, utayanoa mwishoni. Matundu ya mpini yatoboe sasa, maana baadaye chuma hakitobolewi.

Kutia matiko kufanyike jioni au kivulini, kwani juani rangi ya chuma hudanganya. Weka mafuta ya kupikia yaliyo vuguvugu katika kopo refu la bati. Pasha ubapa polepole. Sumaku ikiacha kuunasa, uongezee moto kidogo tu, kisha uzamishe wima, ncha ikitangulia, bila kuuyumbisha kando. Usitumie maji: hupoza haraka mno, na ubapa mwembamba hupasuka. Watoto wakae mbali, na mfuniko wa bati uwe karibu. Mafuta yakishika moto, funika. Usiyamwagie maji kamwe. Ubapa ukipoa, pitisha tupa nyingine juu ya makali. Ikiteleza bila kuuma, matiko yameshika.

Hapo kisu ni kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo, kwa hiyo ugumu upunguzwe kidogo siku hiyo hiyo. Ng'arisha upande mmoja kwa msasa. Simamisha mgongo wa kisu juu ya kipande kinene cha chuma cha moto, makali yakitazama juu. Utaona rangi zikipanda kutoka mgongoni. Rangi ya manjano ya nyasi kavu ikifika kwenye makali, tia majini mara moja. Makali yakigeuka buluu yamekuwa laini, na itabidi urudie matiko.

Mpini wa pembe ya ng'ombe au mti mgumu unafaa. Uwe mnene kwa nyuma, maana mkono wenye mafuta huteleza.

Unapochuna, kisu cha ncha kipasue mstari wa kwanza tu. Hiki cha mviringo kitenganishe ngozi ya miguu na kifua. Ubavuni na mgongoni, sukuma kwa ngumi.

Mnyama aliyekufa ghafla, hasa damu ikimtoka puani, mdomoni au mkunduni, usimpasue wala usimchune. Huenda ni kimeta, ambacho huua watu pia, na vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi. Mzuie mbwa asifike, kisha mwite afisa mifugo.